Dahlia Namba Makumi Tatu na Moja

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa tatu

Mama mupenzi Odile,

Jambo sana, Mama, jambo mara mingi. Magoti inaendelea namna gani? Dawa nilikutumia kupitia masista ilifika? Mi niko muzima, Mungu asifiwe. Ila tangu ulipeleka maiti ya Tata yetu ku muji ya Musumba na kubakia kule, siku ya Yenga, kisha misa, nakula peke yangu, na mukono wangu ungali unapika bukari ya batu batatu. Nusu natupa.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kushinda naangalia majani. Tata Josias, mukubwa wetu ku shamba ya maua karibu na Nzilo, anazalisha dahlia za arusi, zenye ua nene. Zamani alingoja miezi mpaka ua ifunguke njo ajue. Sasa tunakata kipande ya jani ya muche ungali mudogo, tunatuma ku laboratware ya inje, banasoma alama za ADN na banajibu: huu utatoa ua nene, huu hapana. Usicheke, Mama. Maua nayo inapimwa sawa batu banaogombania mutoto ku tribinali. Miche yenye kukataliwa natupa mi mwenyewe. Kutwa nzima sina wa kusema naye, basi naisemesha ile miche, kisha natupa.

Kaka Barnabé aliniambia unataka ile dahlia nyekundu Tata alipanda mbele ya nyumba ya Kasulo, uipande ku kaburi yake. Uliniachia mu mikono siku tulihama, wakati bachimbaji ba madini balifika chini ya chumba chenu.

Mama, kaa kwanza ku kiti. Ile ua ilikufa. Inamaliza sasa miaka mbili. Nilipoing'oa nilitia biazi byake mu mufuko ya Tata ya kubebea madini, sababu ilikuwa yake, na nililia nikiifunga. Wewe ulitukataza kutia hata mahindi mule. Mavumbi ya mukuba, ile shaba, ikaunguza mizizi yote. Picha nilikuwa nakutumia zilikuwa za dahlia za Tata Josias. Na wewe kila mara ulijibu, "Aksanti mwanangu, namuona Tata yako." Nilikuwa nazima telefone. Nisamehe.

Lakini mbele ya kufa, nilimupelekea Tata Josias tawi yake yenye ua; alipima jani yake na kutia vumbi ya ua yake ku dahlia zake. Mbegu ikachanganyika, mvua ikafuta majina, hakuna aliyejua muche gani ni wa nani. Mwezi huu majibu ilifika. Namba makumi tatu na moja, nusu ya alama zake inatoka ku ua ya Tata. Tena itatoa ua nyembamba, haifai arusi. Tata Josias akaniamuru nitupe. Nikamwambia, "Hii hapana." Miaka ine sijawahi kumukatalia. Akaniachia, akaenda kunawa mikono.

Kaka Barnabé anakuletea muche huu mu kopo ya maziwa. Ningeweza kukupa nyekundu nene, hungejua. Hii haijafunguka bado, na rangi yake hawakuipima. Uimwagilie maji kidogo asubuhi. Siku itafunguka, unipigie uniambie rangi, hata kama ungali na kasirani.

Unisalimie Tantine Nkulu na bote ba nyumbani. Ubakie na amani.

Mutoto wako,
Huguette