Jiwe la Kibla Juu ya Kitanda Changu

Jumatatu, 4 Juni 1956
Mvua tangu alfajiri. Nimefagia, nimeteleka uji, nimerudi kukaa. Hiyo ndiyo eda. Siku ya sabini leo, zimebaki kama sitini.
Wifi Mwanakombo, dadake marehemu mume wangu Bakari, amekuja na muhogo na maneno. Watu wa msikitini wanalijenga upya lile gofu la msikiti wa kale kule msituni. Mihrabu imepungukiwa jiwe moja, lenye nakshi ya maua. Akalitazama lililojengewa ukutani juu ya kitanda changu. Akaenda zake bila kuaga.

Jumanne, 5 Juni
Diani nzima inajua. Ati Bakari mwashi aliiba nyumba ya Mungu. Ati ndiyo maana hatukujaaliwa mtoto. Ndiyo maana homa ya siku tatu ikamchukua. Maiti hana mdomo! Wamesahau kisima wanachonywea alikijenga nani.
Nina hasira. Na haya zaidi ya hasira.

Alhamisi, 7 Juni
Niandike basi, hakuna asomaye. Nilikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Tulikwenda gofuni kuokota kuni. Jiwe lilikuwa limeanguka kifudifudi majanini. Nililigeuza mimi. Maua yake kama yamechongwa jana. Nikalitaka. Bakari akakataa: cha msikiti ni cha msikiti, hata ukiwa gofu. Nikanuna siku nne. Sikumpikia. Nikamwambia narudi kwetu Msambweni. Siku ya tano akaja nalo begani, uso umemshuka, akalijengea ukutani. Hakuligusa tena. Miaka kumi na tisa alilala ameligeuzia mgongo.

Ijumaa, 8 Juni
Baada ya sala amekuja Mwalimu Salimu, imamu wetu, na wazee wawili. Nilikaa nyuma ya pazia, nikawaamkia. Alisema kwa adabu: nyumba hawaivunji, wanataka jiwe tu. Na Ijumaa ijayo watamwombea Bakari msamaha mbele ya jamaa wote, kwa alilolifanya.
Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, Bakari hakutaka. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Niombeeni mimi."
Kisha mzee mmoja akasema, "Mashallah! Mke ni huyu. Mume yu kaburini na bado anamsitiri."
Nikaapa. Mwalimu akanikataza: usiape, mwanangu, umo msibani. Nikawatajia kuni, kununa, zile siku nne. Naam, naam, wakawa wananiitikia, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Wakaondoka wameridhika.
Kweli yangu haikunifaa kitu. Nimelichelewesha mno neno hili. Lilikuwa la kusemwa naye yu hai, amekaa kando yangu.

Jumapili, 10 Juni
Wamelitoa. Ukuta umemeguka, tundu kama sinia. Wifi alinishika mikono, akilia. Ati kakake alimfanyia Mungu jema gani hata akapewa mke kama mimi? Nilitamani kumzaba kofi. Nimemwambia tena ni mimi. Akanibusu kipaji cha uso.

Ijumaa, 15 Juni
Dua imesomwa leo. Sauti haifiki huku, lakini saa niliijua ilipopita. Bakari ametajwa jina na kosa.
Alasiri wamekuja wanawake watatu na bakuli la kaimati. Wamenisifu, wakataka binti zao wajifunze kwangu. Nimesema ahsanteni.
Sikubisha. Nimekula mbili, nikawaoshea bakuli lao.