Transista Zenye Rangi ya Kucha

Buswelu, Mwanza
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Pius,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Rebeka, na kwamba baridi ya Ujerumani haijaanza kukubana kifua. Sisi hapa hatujambo. Mama anaendelea vizuri, goti tu ndilo linamsumbua akipanda kwenda kanisani, lakini haachi kupanda. Mvua bado, na jua ni kali kweli.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo. Ningekupigia, ila ninachokutumia hakipiti kwenye simu. Utakiona mwisho, usirukie.

Kwanza nikuulize jambo lililonikaa rohoni miaka minne. Siku unaondoka ulichukua lile kopo la transista za marehemu baba ukampa Obedi. Ni mtoto wa shangazi, sawa, na ni mwanamume, na anajua kushika gitaa. Lakini kaka, nani alikuwa anakaa na baba kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio pale Misungwi tangu darasa la tatu? Obedi alikuwa anakuja sikukuu, anakula pilau, anaondoka. Namwonea wivu, nasema wazi. Na wewe nilikununia mwaka mzima bila wewe kujua.

Sikuacha, hata hivyo. Nilitaka kutengeneza pedali za gitaa kama za baba, vile viboksi vya kukanyaga vinavyofanya gitaa lingurume. Transista za zamani kama zake, zinazokuza hiyo sauti, hazipatikani tena. Nilikwenda duka la spea la Mzee Natvarlal mjini, akacheka: "Hizo, mwanangu, mara ya mwisho nimeziona nikiwa na nywele nyeusi." Za mtandaoni nyingi ni feki, zimeandikwa jina upya. Basi nikaanza kutafuta mbadala. Nilichomoa transista ndogo nyeusi za plastiki kwenye redio mbovu, nikazipima moja moja. Sauti yake kali, inachoma sikio, na miguu yake mitatu haikupangwa kama ya zile za zamani. Mara ya kwanza niliichomeka kwa mazoea, pedali ikanyamaza, nikahangaika nayo siku mbili. Baadaye nikaongeza kapasita ndogo ya kukata makali, nikabadilisha rezista, ikalainika. Nimeshatengeneza saba. Nani anajua? Hapa Buswelu mimi ni yule dada wa redio, basi.

Obedi ametengeneza moja tu, kwa transista za baba. Akampa Paulo, mpiga solo wa kwaya yao ya Nyegezi, na watu wote wakajua. Kila tamasha ni hiyo hiyo: pedali ya Obedi, ina transista za Mzee Yakobo. Roho ilikuwa inaniuma huku natabasamu.

Mwezi uliopita ikafa. Jua la saa saba mchana, uwanjani, ikakoroma kidogo ikazima katikati ya wimbo. Nisikufiche, nilifurahi. Kesho yake Obedi akaniletea. "Dada Sabina, hebu iangalie, naona imechoka. Jumapili Paulo anaihitaji."

Nikafungua. Kaka, nilizitambua hata kabla sijavaa miwani. Unakumbuka baba alivyokuwa akipata mbili zinazoelewana anazipaka rangi ya kucha ya mama? Huwezi kukumbuka, hukuwepo. Mshika kichupa nilikuwa mimi. Yenye doa moja inakaa mbele, yenye madoa mawili inafuata. Obedi alizipanga kinyume, sijui alidhani ni urembo. Ndiyo maana zikipata joto zilikuwa zinazidiwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuzibadilishana nafasi tu, dakika kumi.

Sikufanya hivyo. Nilizichomoa zote mbili, nikaweka zangu za plastiki pamoja na kapasita yake, nikafunga kifuniko, nikamwambia nimekaza waya. Ni wivu, sina jina jingine la kuupa.

Jumapili nikaenda Nyegezi kusikiliza. Jua lilelile, pedali haikutetereka. Gitaa lililia mpaka akina mama wakasimama. Wimbo ulipokwisha Paulo akashika kipaza sauti: "Mmesikia? Hizo ndizo transista za Mzee Yakobo. Hazina mbadala!" Watu wakapiga makofi, Obedi akainuka akapunga mkono. Mimi niko benchi la nyuma, zenyewe nimezifumbata kwenye kitambaa. Nikisimama kusema ile sauti ni yangu, mimi ni mwizi. Nimewaonea wivu watu wengi, lakini siku ile niliionea wivu kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Jana nilimwambia Obedi kila kitu. Nilitegemea matusi. Akauliza tu, "Kwa hiyo ile sauti ni ya kwako?" Nikasema ndiyo. Akasema atamwambia Paulo, na za baba nibaki nazo. Nikakataa. Si yeye aliyeninyima.

Ziko ndani ya bahasha hii, nimezifunga kwenye kipande cha kanga ya mama. Kaa nazo kidogo uzitazame, halafu unirudishie kwa posta, na juu ya bahasha uandike kwa mkono wako: Sabina Yakobo, fundi. Nitangoja hata zikichukua miezi. Madoa tu usiyafute, kile kichupa kilishakauka.

Mama anakusalimu sana, na Obedi pia. Wifi Rebeka mwambie viatu vya mwanangu Queen vilifika ila vimekuwa vikubwa, mtoto anasema atavikulia. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akurudishe salama siku ukichoka na hiyo baridi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Sabina