Rangi ya Chuma Nyuma ya Pazia

Jumamosi, 4 Machi 1967

Visu vitatu leo, vyote salama. Baba kwenye moto, mimi nyuma ya pazia na mivukuto, naupulizia moto. Tangu macho yake yaingie ukungu ndivyo tufanyavyo: chuma kikiwa chekundu barabara, naacha kuvukuta. Akisikia kimya anakitoa, anakichovya kwenye mafuta ya ufuta. Mji mzima wa Matrah wanamsifu fundi Mahfoudh wa Unguja. Wangejua!

Jumanne, 7 Machi

Kaja Mzee Ishaq, amekasirika. Kisu tulichomfulia Idi Kubwa iliyopita kilimegeka shingoni mwa mbuzi. Mnyama kateseka, na wageni wanatazama. Aibu tupu.

Kosa langu. Siku tulipokifua uji ulikuwa unafurika jikoni, nikachelewa kuacha kuvukuta, chuma kikaungua. Baba kabeba lawama yote, hakunitaja.

Mzee anataka kingine kabla ya Idi, na safari hii atakaa atazame mwenyewe. Kikiharibika, jamaa zake wote watapeleka kazi kwingine. Jamaa zake ndio nusu ya wateja wetu!

Jumatano, 8 Machi

Baba anasema Mungu yupo. Yupo, lakini mivukuto nashika mimi. Naogopa.

Alhamisi, 9 Machi

Naandika upesi, wanaume wako msikitini.

Mzee Ishaq kaja na mtu wake, Bakhit, kifua kama mlango. Kasema binti asichoke bure, Bakhit atavukuta. Mivukuto ikahamishiwa upande wao wa pazia. Nikabaki kuchungulia kwenye kitundu cha pazia.

Chuma kikaiva. Bakhit anavukuta tu, kwa bidii zote. Baba kasimama na koleo, anangoja kimya — kimya hakiji. Roho mkononi. Wekundu ukaanza kuingia manjano, nikapiga ukelele:

"Toa, Baba!"

Akakitoa, akakichovya. Hakikupasuka, alhamdulillahi.

Mzee kakichukua kisu, kakipitisha polepole mbele ya uso wa Baba, kushoto, kulia. Macho ya Baba hayakukifuata. Mimi nimeona, na mzee kaona.

Adhana ikatoka. Kazi haijesha: bado kukipasha tena kwa moto mdogo mpaka kiwe na manjano ya majani makavu. Kikifika buluu kimelainika, hakichinji hata kuku. Rangi hiyo Baba haioni kabisa.

Mlangoni, wakitoka kwenda kusali, mzee kamgeukia Bakhit.

"Pazia hilo liondoe."

Bakhit kaling'oa, kalikunja, kaliweka juu ya fuawe. Nimepandwa na hasira. Anataka kutuumbua, au nini? Baba kabaki nyuma kidogo, kanambia chini chini: "Nnakutegemea, mwanangu. Rangi ikifika, useme kwa sauti."

Kisha mzee karudi hatua mbili, kamshika Baba mkono kwenye ngazi. Hilo nalo sijui nilisomeje.

Nimejifunga mtandio upya. Moto nimeupunguza. Wanarudi — naona viatu vya mzee kizingitini, na mimi nimekaa wazi bila pazia, nikingoja kuitaja rangi.