Barua Nisiyoiandika

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Mbamba Bay, Wilaya ya Nyasa
Tarehe: 14 Juni 2024, saa 3:10 asubuhi
Jina: Avelina Kapinga
Umri: Miaka 46
Kabila: Mmatengo
Dini: Mkristo (Mkatoliki)
Kazi: Mkulima, na msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika chama cha wanawake
Makazi: Mbinga mjini

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Mambo mengi nimeyaona mwenyewe. Pale nilipoambiwa na mtu, nitamtaja.

Mwezi Machi mwaka huu alifika ofisini kwetu Mbinga mwanamke aitwaye Serafina, umri miaka 24, mke wa Cleopa Nchimbi, mkulima wa kahawa wa Namswea. Alikuwa na mtoto wao Violet mgongoni, wa miaka mitatu. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kipande cha kitenge. Siku hiyo alikunywa uji akalala kwenye benchi. Siku ya pili alieleza mambo ya ndoa yake tangu mwanzo, nami nikayaandika kwenye kompyuta yangu, kurasa kumi na moja. Aliniuliza nani atayasoma. Nilimwambia ni mimi, wakili aliyeko Songea na hakimu, basi.

Nilimtumia wakili kurasa hizo kwa barua pepe, na shauri likafunguliwa. Kwa usalama wake nilimtafutia mahali pa kukaa Chiwanda, kwa Mwalimu Beata Haule, mwalimu mstaafu ambaye tuliimba naye kwaya moja zamani. Waliojua alipo tulikuwa wachache: mimi, mwenzangu wa ofisini Glorious Mbunda, na Mwalimu Beata mwenyewe. Simu za Chiwanda hukamata kwa shida, kwa hiyo nilikuwa namwandikia Mwalimu barua pepe. Barua pepe husubiri. Akipata mtandao anaisoma.

Kompyuta yangu nina mazoea ya kuilinda. Ina neno la siri, siiazimishi, na hata mume wangu haifungui. Lakini mnamo tarehe 8 Juni chaja yake iliungua, na Mbinga nzima sikupata ya kufanana nayo.

Mnamo Jumatatu tarehe 10 Juni, saa tano asubuhi, nilikwenda steshenari ya Aidan Hyera, karibu na stendi, kuchapisha barua ya mahakama. Niliingia kwenye barua pepe yangu kwa kompyuta yake. Kompyuta iliuliza kama ihifadhi neno la siri, nikabonyeza ndiyo ili kisanduku kile kiondoke mbele ya macho yangu. Barua ilipomaliza kutoka kwenye printa umeme ulikatika. Kioo kilikuwa cheusi. Nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Nilidhani kompyuta ikishazimika, kila kitu kimefungwa.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, simu yangu ilileta ujumbe kwamba kuna kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yangu. Nilikuwa shambani, mikono ina udongo. Nilidhani ni kompyuta ya Aidan ndiyo inayosemwa. Niliufuta ule ujumbe kwa kidole cha mwisho nikaendelea kupalilia.

Mnamo Alhamisi tarehe 13 Juni, saa 4:20 asubuhi, nikiwa ofisini, nilipokea barua pepe kutoka kwa Mwalimu Beata. Ilisema: "Mama, tumepata barua yako ya jana. Tumetoka na gari la saa nne, mimi, Serafina na mtoto. Tutakuwa Mbamba Bay mapema."

Jana yake sikuwa nimemwandikia barua yoyote.

Nilifungua barua nilizotuma. Ilikuwepo, imetoka kwangu, jina langu liko chini yake. Ilisema hakimu anataka kumwona mtoto, Serafina afike Mbamba Bay Alhamisi saa nane mchana, tukutane kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na bandari na si mahakamani. Ilisema wasinipigie kwa kuwa simu yangu ni mbovu. Ilimalizia, "Mungu awatangulie," kama nimaliziavyo mimi. Mtu aliyeiandika alikuwa amesoma barua zangu nyingi hadi akazoea ninavyoandika.

Nilimpigia Mwalimu Beata mara sita, hakupatikana. Nilituma ujumbe mfupi, haukufika.

Glorious alifungua mahali panapoonyesha vifaa vilivyo ndani ya akaunti. Vilikuwa vitatu: simu yangu, kompyuta ya steshenari, na simu nyingine nisiyoifahamu. Hiyo ya tatu ilikuwa imetumika dakika nane zilizopita.

Hapo tulibishana. Mimi nilitaka kubadili neno la siri palepale na kumtoa huyo mwenye simu ya tatu. Glorious aliniambia, "Dada, tukimtoa sasa hivi atajua tumejua. Hatakaa tena kwenye hiyo nyumba ya wageni, na sisi hatutajua anawasubiri wapi." Nilimwambia mle ndani kuna barua za wanawake wengine saba, na majina ya vijiji walipo. Alisema anajua.

Niliisoma ile orodha ya vifaa mara nyingine. Kisha nikasema tumwache. Uamuzi huo ni wangu, si wa Glorious. Alipiga picha za kila ukurasa kwa simu yake, ile barua na orodha ya vifaa, na picha hizo nimezikabidhi kituoni hapa. Tulikubaliana kwamba nikimpigia na kusema "sasa", abadili neno la siri na kuvitoa vifaa vyote.

Saa 4:45 nilipiga simu Dawati la Jinsia na Watoto la kituo hiki, nikazungumza na Koplo Lidia. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alisema watatuma askari wawili wasio na sare kwenye hiyo nyumba ya wageni.

Nilipita steshenari kwa miguu, si mbali. Nilimuuliza Aidan kompyuta yake ilitumiwa na nani Jumatatu baada yangu. Mwanzo alisema wateja ni wengi. Nilimwambia kuna mtoto wa miaka mitatu yuko barabarani. Ndipo aliponieleza kwamba umeme uliporudi, kompyuta iliuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, naye akakubali. Cleopa Nchimbi alikuwa anasubiri kopi ya kitambulisho, akaona jina la mke wake kwenye kioo. Alisema ni barua za mke wake. Aidan aliona mume ana haki ya kuzisoma, akampisha kiti.

Nilimuuliza neno langu la siri lilifikaje kwenye simu ya Cleopa. Aidan aliangalia mashine yake ya kopi.

"Aliniuliza yanahifadhiwa wapi," alisema. "Nikamwonyesha."

Sasa nilijua Cleopa alivyolipata. Niliacha akaunti yangu wazi, naye akaingia.

Saa tano kamili niliondoka Mbinga kwa teksi ya Nicholaus, dereva ninayemfahamu. Njia nzima ya kushuka milimani nilishika simu dirishani. Mtandao ulikuja ukapotea. Mara moja simu ya Mwalimu Beata iliita, nikasikia upepo na mlio wa injini, nikapaza sauti kwamba wasishuke, wakae ndani ya gari. Sijui kama alinisikia. Ilikatika. Nicholaus alizima redio.

Saa 6:40 mchana tuliingia Mbamba Bay. Nilimwambia Nicholaus tupitie kwanza mahali yanaposimama magari ya Chiwanda, kabla ya nyumba ya wageni.

Gari lao lilikuwa limeshafika, watu wanashusha magunia ya mihogo. Pembeni yake niliona pikipiki. Cleopa alikuwa ameikalia, na Violet alikuwa mbele yake, juu ya tangi la mafuta, amebanwa kwa mkono wake mmoja. Injini ilikuwa inaunguruma. Mwalimu Beata alikuwa ameshika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili. Ana miaka 67. Serafina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na mfuko wa nguo, hasogei mbele wala nyuma. Cleopa hakuwa amengojea saa nane wala nyumba ya wageni, nadhani naye alisoma jibu la Mwalimu kwamba watafika mapema. Askari walikuwa kule bandarini wakimsubiri.

Nikiwa bado ndani ya teksi nilimpigia Koplo Lidia nikamwambia walipo. Alisema dakika tano, kumi zikizidi. Halafu nilimpigia Glorious nikasema "sasa". Nikashuka.

Cleopa aliponiona hakushtuka. Alisema, "Mama Kapinga. Umekuja mwenyewe." Aliniamkia kabisa, "Shikamoo." Nikamwitikia.

Nilimwambia azime pikipiki tuzungumze. Alisema hana la kuzungumza na mimi, anachukua mtoto wake. Alimwambia Mwalimu aachie usukani kabla hajaumia. Nilimwambia Cleopa kwamba akiondoka na mtoto, hakimu atasikia upande mmoja tu. Hapo alicheka. Alitoa simu mfukoni. Alisema upande mmoja ameshausoma wote, kurasa kumi na moja, na ana picha zake, na watu wa hapa wasikie mke wake anavyomchafua.

Alianza kusoma kwa sauti. Ili ashike simu vizuri alizima pikipiki.

Wabebaji wa mihogo walisimama. Kina mama waliokuwa wanauza dagaa walisogea. Cleopa alisoma maneno ambayo Serafina aliniambia mimi, mlango umefungwa. Alisoma hili: "Nikisikia pikipiki yake inazimwa nje, nilikuwa nampakata mtoto kwanza, kwa sababu akinikuta na mtoto alikuwa anapiga kwa mkono mmoja tu." Aliyasoma kwa dhihaka, kama mtu anayesoma uongo. Nilimwona Serafina akivuta kanga juu ya uso wake.

Ningeweza kumnyamazisha. Ningeweza kupiga kelele za mwizi, watu wakamvamia, na mtoto akiwa pale mbele yake. Niliona kwamba muda wote anaposoma haondoki. Alipofika mwisho wa ukurasa akataka kurudisha simu mfukoni, nikamwambia, "Soma na unaofuata, baba Violet. Usiwaachie watu katikati."

Serafina aliniangalia. Sitaki kueleza zaidi kuhusu jinsi alivyoniangalia.

Akasoma ukurasa wa pili. Akasoma na wa tatu. Katikati ya ukurasa huo sauti yake ilibadilika, nadhani kwa sababu watu waliokuwa wanamsikiliza hawakuwa wanacheka. Mama mmoja wa dagaa alisema polepole, "Kumbe ndivyo ulivyomfanya." Cleopa aliacha kusoma. Alishika ufunguo wa pikipiki. Mwalimu Beata hakuwa ameachia usukani muda wote huo.

Saa 7:02 askari wawili na Koplo Lidia walifika kwa miguu kutoka nyuma ya gari la mihogo. Askari mmoja alichomoa ufunguo. Koplo Lidia alinyoosha mikono kwa mtoto akasema, "Njoo kwa shangazi," na Violet akaenda. Cleopa hakupigana. Alirudia mara mbili kwamba alichosoma ni barua za mke wake mwenyewe. Simu yake ilichukuliwa mbele yangu, kioo chake kikiwa na picha za zile kurasa.

Saa 7:20 Glorious alinipigia kwamba neno la siri limebadilika, vifaa vyote vimetoka, na kuanzia sasa hakuna kifaa kinachoingia bila namba inayotumwa kwenye simu yangu. Mpangilio huo ulikuwepo siku zote. Mwaka jana niliukataa kwa sababu mtandao wa kwetu unasumbua. Leo asubuhi Glorious anawapigia wale wanawake saba, mmoja baada ya mwingine, kuwaeleza kilichotokea. Wawili wameshaomba kuhamishwa walipo.

Mtoto hana jeraha. Mwalimu Beata amechubuka viganja.

Jana alasiri, kwenye chumba cha Dawati, nilimwomba Serafina msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema anajua nilimwambia Cleopa aendelee kusoma ili askari wawahi, Mwalimu amemweleza, na yeye mwenyewe ameelewa. Kisha alisema, "Mama, nakushukuru kwa mtoto. Lakini ninakokwenda sasa usiniulize. Na lile lililobaki la kumweleza hakimu, nitamweleza mwenyewe kwa mdomo."

Sikumuuliza. Leo saa kumi na mbili asubuhi ameondoka na Koplo Lidia, na mimi sijui wameelekea wapi.

Hayo ndiyo niliyonayo ya kueleza. Nimesomewa, nimeyaelewa, na nathibitisha kwamba ni yangu na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: A. Kapinga

Mimi Koplo Bernadi Mapunda nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu jinsi shahidi alivyoyatoa, na kumsomea kwa sauti hadi mwisho, saa 5:35 asubuhi. Shahidi alisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "Cleopa Nchimbi aliivamia akaunti yangu." Aliomba nifute, niandike, "Niliacha akaunti yangu wazi, naye akaingia." Nilimweleza kwamba maneno ya kwanza yanaisaidia zaidi kesi. Alisema anaelewa, na akangoja mpaka nikafuta.