Divai ya Mwende

Barking, Jumapili

Dada Mwende,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani nimeketi hapa kulia. Kulia nililia, kumekwisha. Sasa nina hasira tu, na wewe mwenyewe umo ndani yake, kwa hiyo tulia unisikilize.

Jana ilikuwa ibada yako ya ukumbusho, pale kwenye ukumbi wa kanisa letu. Kule Ufaransa walikuzika vizuri, mahali ambapo mizabibu uliyoipogoa kila msimu wa baridi inaonekana hadi bondeni. Lakini Shangazi Rhoda alisema lazima na sisi watu wa nyumbani tulio hapa London tukuage kwa heshima. Unamjua Shangazi na heshima yake.

Alisimama mbele akasoma maisha yako. Akasema uliolewa katika familia ya wakulima wa matunda. Matunda, Mwende! Miaka yote hiyo umevunja mgongo ukitengeneza mvinyo mwekundu na mumeo Luc na mama yake, ukijua pipa lipi limeiva kwa kunusa tu, halafu unaagwa kama muuza machungwa. Neno mvinyo halikutajwa hata mara moja. Luc, maskini, haelewi Kiswahili. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu zake.

Unakumbuka harusi ya binamu yetu, ulipokuja moja kwa moja kutoka kwenye mavuno, vidole zambarau hadi kwenye kucha? Shangazi alikuletea glavu nyeupe, ati picha zitaharibika. Mimi nikafura. Wewe ukazivaa, ukanicheka, ukasema, "Wacha tu, Syombua." Hapo ndipo hasira yangu kwako ilipo. Kila kitu wacha tu. Ungemkatalia siku ile moja, labda jana asingethubutu.

Sasa sikia kilichofuata. Mama mkwe wako alileta maboksi ya mvinyo wa ile safu ya mizabibu uliyoitunza peke yako, wa mwisho kupita mikononi mwako. Na kwa kuwa ulimfundisha maneno yetu mawili matatu, aliandika juu ya kila boksi kwa kalamu nene: DIVAI YA MWENDE. Ulivyofurahi siku uliyogundua kwamba neno hilo letu la kanisani limetoka kwao! Ulinipigia simu ukicheka hadi unakohoa, kumbe Shangazi huzungumza Kifaransa kila meza ya Bwana na hana habari.

Lakini kanisani kwetu divai ni nini? Ni juisi ya zambarau ya dukani. Luc alikuwa ameshang'oa vizibo ili mvinyo upumue, kama mnavyofanya huko kwenu. Akina mama wa jikoni wakasoma DIVAI, wakasikia Shangazi akisema matunda, wakajumlisha. Mama Kioko akaonja, akakunja uso, akasema juisi hii ina ukakasi, Wazungu wamesahau sukari. Pua zao zilikuwa wapi, sijui. Wakaimimina kwenye majagi, wakatia sukari, maji na barafu. Mwende, ukakasi! Neno lilelile ulilonifundishia mvinyo wako, ukaniambia huo ukipotea chupani hakuna kilichobaki.

Bahati watoto walikuwa na soda zao. Mimi nilikuwa nimekaa na mama mkwe wako alipoletewa kikombe cha plastiki. Akanywa. Akanitazama, na uso ukamshuka kama mtu aliyetemewa mate. Alidhani tunakudhihaki. Na kule mbele pasta akainua kikombe chake, akatangaza kwamba juisi ya shamba la marehemu ni tamu kweli, aongezewe.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema, "Hiyo si juisi. Ni mvinyo. Dada yangu alikuwa mtengeneza mvinyo, na nyinyi mmeutia sukari."

Pasta akakiweka kikombe chini polepole, na wakati huo kilikuwa kitupu. Shangazi akaja akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba namwaibisha marehemu. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Aliyemwaibisha ni wewe, Shangazi, tangu zile glavu."

Ndiyo, nilimwambia hivyo, mbele za watu.

Ilibaki chupa moja yenye kizibo. Luc akaifungua, nami nikapita meza kwa meza nikiuliza nani anataka kuonja kazi yako. Wengi waligundua ghafla kwamba wana mambo ya kusoma kwenye simu zao. Mama Kioko akanyoosha kikombe. Akaonja tena, safari hii taratibu, akakunja uso vilevile, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo." Nikamtafsiria mama mkwe wako, akacheka huku analia.

Tangu asubuhi simu haijatulia. Ukoo mzima unataka niende kwa Shangazi nikaombe msamaha. Mwanangu, ambaye tangu ajue kusema hunijibu kwa Kiingereza, amenifuata jikoni akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, usiende." Nimemwambia nitaenda, ila si sasa.

Buriani, dada yangu. Lala, hili niachie mimi. Mama mkwe wako anasema safu yako haina wa kuivuna, na nimeshaomba likizo kule kwa wazee ninaowahudumia. Nitaivuna mpaka vidole vyangu viwe kama vyako. Kisha nitapanda treni kabla rangi haijatoka, nishukie kwa Shangazi na mzigo wangu, nibishe hodi, nimsalimie anavyopenda kusalimiwa, kwa heshima. Nitampa mkono. Mikono yote miwili, bila glavu.

Mdogo wako,
Syombua