Cheo cha Babu Mzungu

Sikonge, Jumapili

Kaka Emilian, shikamoo.

Huku mvua imeanza, na nyuki wa baba hawajahama. Mguu wake umepata nafuu.

Yule mama wa Uingereza alifika, ndugu wa mzungu aliyemzaa baba. Baba alivaa suti, akaalika majirani waje kumwona akirithi ulodi, cheo cha ukoo wa yule mzungu. Mimi nilitafsiri. Mgeni alieleza kuwa mfalme ndiye aliyewapa wazee wao cheo hicho baada ya vita, kikawa kinashuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Lodi wa mwisho amefariki bila mtoto wa kiume, kwa hiyo cheo kimekufa.

"Na baba yangu?" nikamuuliza.

"Ni lazima awe mtoto wa ndoa," akajibu kwa upole.

Kaka, nilimwonea aibu bibi yetu, mama yake baba, aliyetulea.

"Tafsiri, Levina," baba akasema.

Nikawaambia watu kuwa sheria yao imebadilika, vyeo havirithiwi tena. Baba akatikisa kichwa. Kumbe Kiingereza cha shule ya misheni hakijamtoka, alikuwa amemwelewa mgeni.

"Mama yangu alikaa na yule bwana miaka mingi, akamuuguza mpaka aliporudi kwao," akawaambia watu. "Hawakufunga ndoa, ndiyo maana sirithi. Sasa mkaribisheni mgeni chakula."

Alisema kwa sauti kile nilichokificha mimi. Mpaka leo nikimpelekea uji siwezi kumtazama usoni.

Mpigie simu, kaka. Ila usimtanie tena kwa kumwita Lodi.

Mdogo wako,
Levina