Sauti Yangu Mara Mbili

Jumamosi, Kingstanding

Na ni mimi niliyewafundisha! Mimi mwenyewe, kwenye grupu ya simu ya akina mama wa kanisa letu huku ughaibuni: bonyeza pale penye 1x, voice note ikimbie mara mbili, umalize upesi urudi kazini. Wakanimiminia emoji za makofi. Wakaniita fundi wetu.

Leo nimeenda mtaa wa Lozells kwa Mama Njeri, mwenzangu wa grupu, kumhamishia picha kwenye simu mpya. Hata koti sijavua, akasema, "Woi, ile yako ya Jumatano bado sijaisikiza. Wacha niisikize sasa."

Akabonyeza. Mara mbili.

Ile ya Jumatano niliirekodia grupu nzima kituoni nikingoja basi, kaka yangu akiwa ametoka kunipigia kutoka Kitale kwamba mama yetu hatutambui tena sisi watoto wake. Nililia ndani ya hiyo voice note. Sikujua kilio kikikimbizwa kinafanana na kicheko.

Mama Njeri alicheka. "Huyu ni wewe? Unaongea kama katuni!" Halafu maneno yakamfikia, akaizima haraka. "Pole, dada. Sikujua ni mambo mazito."

Angejuaje? Tangu Jumatano nangoja mtu mmoja tu anipigie.

Nilimhamishia picha zake zote, hata za mbwa wa jirani. Nikanywa chai yake, nikaja zangu.

Sasa hivi ameandika: "Umefika salama? Uko sawa kweli?"

Nimeanza kurekodi. Nimefuta. Nimemwandikia tu, "Niko sawa."

Uongo huo ni mfupi, hauhitaji kukimbizwa.